Breki za gari zinatetemeka? Toa kutu ya habu kwanza, diski utanunua baadaye

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Nilinunua gari ndogo ya Kijapani, imeingia nchini na kilomita 40,000 na kidogo, bodi safi, injini haina neno. Haikuisha miezi minne, nikawa kila nikishika breki nikiwa kwenye 90 au 100, kama vile hapa kwetu Malindi unatoka Msabaha unakaribia matuta ya Gede, usukani unanitetemeka mkononi mpaka vidole vinakufa ganzi. Nikaenda gereji, kijana akaniambia diski zimepinda hizo, badilisha. Nikabadilisha diski mbili za mbele na pedi zake, pesa ikatoka, gari ikatulia, nikasema alhamdulillahi. Miezi mitano baadaye mtetemeko umerudi vile vile, na diski bado ni mpya hata ule ukingo wa pembeni haujaanza kuota.

Ndipo shemeji yangu akanipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima kule Maweni. Akatoa tairi, akatoa diski, akaiweka kando chini ya mwembe wala hakuitazama, akaniita, "Mwanangu, hebu pitisha kidole hapa." Nikapitisha kidole kwenye uso wa habu, pale diski inapokalia, nikakuta kutu imeganda kuzunguka zile stadi, yaani bolti za kufungia tairi, kama ukoko wa wali chini ya sufuria, upande mmoja nene, upande mwingine hakuna. "Umeona? Diski mpya wameikalisha juu ya kutu ya zamani, itakaaje sawa?" Nikamwambia, "Kweli mzee, haiwezi." Tangu siku hiyo sijanunua diski nyingine, na sasa ni mwaka wa pili. Ndio maana nataka kueleza hii kazi yote kuanzia mwanzo, kwa sababu sisi watu wa pwani tunaliwa pesa nyingi sana kwa ajili ya kutu hii na hewa ya chumvi.

Kwanza tuelewane hiyo "diski imepinda" ni nini. Diski ya breki ni chuma cha kusubu, kizito, na kwa gari ya kutembelea ya kawaida si rahisi kipinde kama sahani ya plastiki iliyowekwa karibu na moto. Kinachotokea mara nyingi ni unene wa diski kutokuwa sawa mzunguko mzima. Inaweza kuwa imelika zaidi sehemu fulani, au dawa ya pedi, ile nyama yake inayosugua diski, imejipaka kwenye diski sehemu moja zaidi ya nyingine. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, 0.015 mpaka 0.02 ya milimita inatosha mkono wako kuhisi, na unywele wa kichwa chako ni kama 0.07, kwa hiyo unaongelea kitu chembamba kuliko unywele mara nne hivi. Jicho haliwezi kuona. Ukisikia fundi anaangalia diski kwa macho tu anakuambia imepinda, muulize amepima na nini.

Na huo unene unaharibika vipi? Hapa ndipo kutu inapoingia. Kama diski haikukaa sawa kwenye habu, inapozunguka inayumba kidogo kushoto kulia. Hata kama hujashika breki, kila mzunguko inagusa pedi sehemu ile ile. Chukua tairi dogo ambalo mzunguko wake ni kama mita 1.9, ukiwa kwenye 90 linazunguka mara 13 hivi kwa sekunde moja, sasa hesabu mguso huo mara ngapi ukienda Mombasa kilomita 120 na kurudi. Taratibu ile sehemu inalika au inapakwa dawa ya pedi, na baada ya kilomita elfu kadhaa ndio unaanza kusikia mtetemeko. Ndio maana diski mpya inakaa vizuri miezi michache halafu inarudia, watu wanasema nimeuziwa feki, kumbe pengine si feki, ni pale ilipokalishwa. Na kutu ikiwa na unene wa 0.03 tu ya milimita kwenye ukingo wa habu, ukifika kwenye ukingo wa diski huko nje imeshakuwa karibu mara mbili, kwa sababu diski ni pana kuliko habu.

Sababu ya pili ni nati za tairi. Umeenda kuziba panchari, kijana ana ile mashine ya hewa, trrr trrr, anafunga nati moja mpaka mwisho halafu ya jirani yake halafu ya tatu, moja imekazwa kupita kiasi nyingine iko nusu. Rimu inaivuta diski upande mmoja. Hiyo peke yake inatosha kuifanya diski iyumbe hata kama habu ni safi kama kioo.

Sasa kabla hujashika spana hakikisha ni breki kweli. Tafuta barabara iliyonyooka na haina watu, mimi huvuka daraja la Sabaki naelekea upande wa Mambrui asubuhi mapema. Ukienda 80 au 90 bila kugusa breki na gari tayari inatetemeka, hiyo si breki, ni wili balansi au tairi limevimba au rimu imegongwa na shimo. Ikitulia ukienda halafu inaanza tu ukishika breki pole pole, hapo ni breki. Usukani ukitetemeka zaidi ni za mbele, ukihisi zaidi kwenye kiti na pedali inakusukuma mguu basi shuku za nyuma. Kama gari ina hendibreki ya kuvuta na mkono, kwenye 40 au 50 na hakuna mtu nyuma yako, bonyeza kile kitufe ukikishikilia uivute kidogo kidogo, ikitetemeka ni nyuma. Usifanye hivyo kwenye gari yenye hendibreki ya umeme. Halafu kuna ile krrrrr ya haraka kwenye mguu ukishika breki ghafla kwa nguvu, hasa kwenye mchanga au lami iliyolowa, hiyo ni ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, inafanya kazi yake, iache.

Jambo jingine watu hulisahau, bushi za kontroli aam, yaani mipira ya ule mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu. Zikichoka, na barabara zetu zinazichosha kweli, kamtetemeko kadogo ambako usingekasikia kanakuzwa mpaka usukani unacheza. Mwambie fundi aingize mtaimbo asukume aone kama zimepasuka, na ashike tairi juu na chini alitikise asikie kama beringi imelegea. Usirukie diski kabla ya hapo.

Haya, twende kazi yenyewe. Gari isimame kwenye sakafu ngumu, si kwenye mchanga, watu wameumia kwa jeki kuzama mchangani. Weka mawe au kabari kwenye tairi za nyuma, legeza nati kabla hujainua, inua, halafu weka stendi. Usiingie mkono wala kichwa chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hilo silibembelezi. Chukua chaki uweke alama kwenye stadi moja na kwenye diski mkabala nayo, utaihitaji baadaye.

Kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, kwenye Toyota nyingi ndogo inafunguliwa na spana namba 14 zile bolti za pini, na breketi yake 17. Ukishaitoa kalipa usiiache ining'inie kwa mpira wa breki, ifunge na waya kwenye springi. Vumbi jeusi lililojaa humo usilipulize kwa mdomo wala kwa hewa, lilowanishe na breki klina ulifute na kitambaa, halifai mapafuni. Na hapo hapo zicheki pini za kalipa, zivute na kuzirudisha kwa mkono, zinatakiwa ziteleze kama kisu kwenye siagi. Hapa pwani hukwama sana kwa sababu ule mpira ukichanika tu maji ya chumvi yanaingia. Pini ikikwama pedi moja inabaki inaparaza diski, inachemka, inaanza yale madoa. Zisafishe, paka grisi ya silikoni ya breki, isiwe grisi ya kawaida ya beringi maana ile inavimbisha mipira.

Diski inaweza kuwa imeng'ang'ania kwenye habu. Wengi huchukua nyundo wakaipiga usoni, na kama unataka kuitumia tena hapo umeshaiharibu. Tazama vizuri, magari mengi ya Kijapani diski ina matundu mawili madogo yenye nyuzi, chukua bolti mbili za milimita 8, zikaze moja zamu yake na nyingine zamu yake, robo kwa robo, utasikia "tak" diski imeachia yenyewe. Ile sauti mimi naipenda sana, unajua kutu imeshindwa.

Sasa hapa usiwe na haraka, maana kazi yote iko hapa. Chukua brashi ya waya na msasa, safisha uso wote wa habu mpaka uone chuma kinang'aa. Pembezoni mwa kila stadi brashi haifiki, ndipo ule ukoko unapobaki, kwa hiyo kata kipande cha msasa ukizungushe na kidole au tumia kile kibrashi kidogo cha duara kinachofungwa kwenye drili. Zungusha pia kile kishingo cha katikati. Halafu geuza diski, sehemu yake ya ndani inayokutana na habu nayo uisafishe vile vile, na mgongo wa rimu pia. Futa vumbi lote na kitambaa chenye breki klina. Pitisha ukucha taratibu kila sehemu, ukucha ukikwama popote rudi tena. Mimi upande mmoja hunichukua dakika ishirini nzima na sioni ni nyingi. Kwenye kishingo peke yake unaweza kupaka utando mwembamba sana wa ile grisi ya shaba ili siku nyingine itoke kirahisi, lakini kwenye uso usipake, na isifike kabisa kwenye sehemu ya pedi.

Rudisha diski kwa alama ile ya chaki, ibane na nati zote ukiweka washa ili zikae sawa, zikaze kwa usawa. Kama utapata ile saa ya kupimia yenye mshale na stendi ya sumaku, ndio wakati wake. Iweke ncha yake iguse diski kama sentimita moja kutoka ukingoni, zungusha diski polepole na mkono uangalie mshale. Watengenezaji wengi wanataka isizidi 0.05 ya milimita. Ile yangu siku ya kwanza kabla ya kusafisha mshale ulikua unatembea mpaka 0.12, baada ya kusafisha ukarudi 0.04, diski ile ile, gari ile ile. Nilisimama pale nikaangalia ule mshale mara tatu. Ukisafisha na bado iko juu, toa diski uizungushe stadi moja mbele upime tena, kuna mahali habu na diski hukubaliana vizuri zaidi. Ukishapajua weka alama ya rangi isifutike.

Kama huna saa hiyo bado kusafisha peke yake kunakupa sehemu kubwa ya faida. Ila unene usiuache bila kupima, tumia mikromita, kile kifaa cha kupimia unene, pima sehemu nane kuzunguka diski uandike. Pembeni ya diski au kwenye kofia yake imegongwa MIN TH na namba ya milimita, diski ikifika chini ya hiyo au ikikaribia sana usiichonge wala usiirudishe, hiyo haina kuokoa.

Kama unene umetofautiana lakini bado kuna nyama ya kutosha unaweza kuichonga, watu husema kuskimu. Uchongaji mzuri ni ule wa mashine inayofungwa diski ikiwa kwenye gari lake, maana inachonga kufuata habu yako. Ile ya kupeleka kwa fundi wa lethi, mashine ya kuchongea chuma, nayo inafaa kama fundi ni makini, lakini lazima asafishe diski ile sehemu ya ndani kabla hajaifunga kwenye mashine, la sivyo anachonga kosa jipya. Ukiona diski ina madoa ya buluu yaliyokolea, hapo ilichemka sana mpaka chuma chenyewe kimebadilika kikawa kigumu, ukichonga leo doa linabaki juu kidogo baada ya muda na mtetemeko unarudi. Hiyo nunua mpya tu, zote mbili za ekseli moja na pedi mpya, usichanganye. Diski mpya nyingi zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu, zioshe na breki klina mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Kufunga tairi. Anza nati zote kwa mkono, halafu kaza kwa mtindo wa nyota, yaani unaruka unaenda ya mkabala, mzunguko wa kwanza kidogo, wa pili nusu, tairi likiwa limegusa chini kidogo ndio unamalizia na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. Toyota nyingi ndogo ni Nm 103, Honda nyingi 108, yako iangalie kwenye kitabu cha gari. Kabla hujasogeza gari pampu pedali mpaka iwe ngumu, hili usilisahau, watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hili. Ukitembea kilomita 50 hivi rudia kukaza. Na ukienda kwa mtu wa panchari simama hapo karibu, mwambie kwa adabu tu, "kaka, zishike kwa mkono nitamalizia mwenyewe", wala hawakasiriki.

Pedi na diski mpya au zilizochongwa zinataka kuzoeshana. Barabara tupu, nenda 60 ushuke mpaka 10 kwa breki ya wastani bila kusimama kabisa, halafu tembea nusu dakika zipoe, rudia mara kumi au zaidi. Ukimaliza endelea kutembea bila breki zipoe kabisa. Ukisimama ghafla breki zikiwa za moto na mguu bado umekandamiza, pedi inajipiga muhuri kwenye diski pale pale, na muhuri huo ndio mtetemeko wa kesho. Jambo hili ni la kila siku pia, umetoka mbio umefika kizuizi cha polisi umeshika breki kali, ukishasimama achia kidogo, weka neutral na hendibreki kama pametambarika, au jisogeze kidogo kidogo.

Kwa magari ya siku hizi kuna mambo mawili ya kuogopa. Yale yenye hendibreki ya umeme, pistoni za nyuma hazisukumwi kwa nguvu, lazima kwanza uiweke gari kwenye hali ya matengenezo kwa mashine ya kompyuta au kwa mpangilio wa vitufe uliomo kwenye kitabu, ukilazimisha na klampu unaua mota. La pili ni haibridi, zile zenye injini pamoja na mota ya umeme, baadhi yao breki hujipandishia presha zenyewe ukifungua tu mlango wa dereva, sasa kalipa iko nje na pistoni inachomoka, au kidole chako kiko hapo. Fuata kitabu kuizima kabisa kabla hujagusa. Tena haibridi na za umeme huwa zinapunguza mwendo kwa mota, diski hazifanyi kazi sana, zinakaa zinaota kutu. Ukiwa na moja, mara kadhaa kwa wiki shika breki imara kidogo ukiwa salama ili diski zijisugue.

Kwa anayeishi karibu na bahari, Casuarina, Shela au huko Watamu, au anayefanya kazi upande wa Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, fanya hivi. Ukiosha gari usiiegeshe hapo hapo ikiwa imelowa, zunguka mtaa ushike breki mara tano sita zikauke. Usimwagie diski za moto maji baridi, ukifika kwa mwosha gari mwambie aanze na bodi, magurudumu yangoje. Gari ikikaa wiki tatu bila kutembea, labda mwenyewe uko Mombasa kikazi, pedi zinashikana na diski na ukiondoka utaona umebaki mchoro wa pedi wa kutu. Mchoro mwepesi unafutika kwa breki chache za taratibu, uliozama haufutiki, kwa hiyo muombe mtu wa nyumbani aitoe mpaka barabarani mara moja kwa wiki. Na kila ukibadilisha pedi, diski itoke na habu isuguliwe, hata kama fundi anasema hakuna haja.